Kabla Hujafunga Safari

Jumapili, tarehe 10 Desemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hizi zitakufikia ukiwa mzima wa afya, wewe na shemeji yangu fundi wa kuchomelea, pamoja na wale mabinti wawili ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Kikohozi cha yule mdogo kimepona? Na shemeji, macho yake vipi? Mwambie avae miwani ya kazi hata kama inamtoa jasho, macho hayana spea. Sisi huku hatujambo. Nimeliandika neno hilo kwa mazoea tu, kwa hiyo nakuomba usilishikilie sana.

Barua yako niliipata Jumatano. Mume wangu aliileta akitoka kazini, akanipa jikoni nikiwa naosha vyombo, nikaisoma nimesimama na mikono ina povu. Nilipofika pale uliposema kwamba mmeamua, kwamba mtaingia tarehe ishirini na tatu, wote wanne, baada ya miaka tisa, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti yangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, Mama Mkubwa anakuja Krismasi. Akauliza kama ni Mama Mkubwa wa kweli. Kwa nini mtoto wa miaka saba aulize swali la namna hiyo, utaelewa mbele.

Najua utashangaa nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Usiku uleule nilikupigia, ukapokea kwa furaha ambayo sijaisikia kwako siku nyingi, nami nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye simu mimi ni mwoga. Barua hii ataibeba fundi mwenzake mume wangu anayekuja huko keshokutwa, ili uipate kabla hujakata tiketi.

Umeniandikia kwamba huhitaji mapokezi yoyote. Huhitaji kuchinjiwa wala kupangiwa chumba, mtalala hata sebuleni. Unachotaka ni kimoja, mama amtaje mwanao kwa jina na akuombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Ukanikanya nisimfundishe maneno. Ukasema umengoja miaka tisa, huwezi kushindwa kungoja amalize chai yake. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno, dada, na kila nikiisoma natamani ardhi ipasuke.

Sitaki kutonesha donda, lakini nataka ujue kwamba nayakumbuka yote. Baba alifariki Aprili, wewe ukaolewa Agosti, na mama, aliyeshona nguo za harusi za nusu ya mtaa, akakataa kukupima hata kiuno. Alisema mtoto mwenye adabu angengoja mwaka uishe. Mwaka uliofuata ukajifungua mtoto wa kiume, ukampa jina la baba bila kumwuliza, na mtoto akaishi siku nane. Mama hakuonekana mazishini. Badala yake shangazi akakubebea yale maneno mpaka mlangoni kwako, kwamba mama amesema aliyeyataka kayapata. Nilikuwepo. Uliweka kikombe mezani taratibu, hukulia, na wiki hiyohiyo mkahama mji.

Sasa nianze na uongo wangu mkubwa. Kila uliponiuliza hali ya mama nilikujibu kwamba anasahausahau kama wazee wote, leo miwani, kesho funguo. Si kweli. Mama ametutoka akiwa hai. Machi aliacha pasi ya moto juu ya suruali ya mteja akaenda kumtafuta baba sokoni. Ndipo tukamhamishia kwangu, yeye na cherehani yake. Julai akajishona kidole, mume wangu akaing'oa sindano ya cherehani, na tangu hapo mama hukaa pale asubuhi akakanyaga pedali, akakipitisha kitambaa bila kushonwa hata nukta moja, akakikunja na kuridhika. Daktari alisema hakuna dawa ya kumrudisha, tumlishe vizuri na tusimbishie. Sikukuambia kwa sababu nilidhani atapata nafuu. Nilijidanganya mwenyewe kwanza, kisha nikakudanganya na wewe.

Kufikia Novemba alikuwa hanijui kabisa. Nilikuwa yule mwanamke anayeiba vitambaa. Alivificha vipande vyake chini ya godoro, akavilalia, na kila nikiingia na sahani alinikazia macho akasema haniamini, chakula changu nikile mwenyewe. Siku mbili hakutia kitu mdomoni ila maji. Mume wangu alijaribu, akarushiwa kijiko. Binti yetu alifanikiwa kumlisha nusu kipande cha mkate, tukashangilia kama watu waliopata ushindi.

Wiki hiyo shule zilifungwa, nami nikaanza usafi wa Krismasi. Unajua nyumba ya mwalimu, mwaka mzima ni vumbi la chaki, Desemba ikikaribia ndiyo mtu anakumbuka kwamba ana dari. Mume wangu alipaka rangi ukuta wa sebule, na fundi umeme akishika brashi ya rangi, hata swichi zinapakwa. Mimi nilipanda juu ya stuli kufuta utando wa buibui, kitambaa kichwani, fundo nimelifunga mbele juu ya paji la uso ili ncha zisiniangukie shingoni. Sikufikiria lolote. Mama akatoka chumbani, akasimama, akaniangalia, na uso wake ukafunguka. Akasema Kifungua wangu amekuja. Akauliza mbona sijapiga hodi, na kama nimekula.

Wewe ndiye uliyekuwa ukifunga hivyo, dada. Wewe tu katika nyumba nzima.

Nikashuka kwenye stuli, nikamjibu sijala, tule wote. Mama akamaliza sahani nzima ya wali, akaomba na ukoko. Kuanzia siku hiyo nafunga fundo mbele. Ningefanya nini? Alikuwa anakula.

Siku za mwanzo tulicheka. Mbele ya mama, mume wangu alianza kuniita shemeji, akiomba chai kwa adabu ambayo sijaiona katika miaka minane ya ndoa, nikamwambia kumbe heri shemeji kuliko mke. Binti yetu tulimfundisha aniite Mama Mkubwa. Mtoto mwepesi yule, alishika siku ileile. Wiki ya pili akawa ananiita hivyo hata mama akiwa amelala. Kisha tulikwenda madukani kumtafutia viatu vya sikukuu, watu wamejaa, mkono wake ukanichomoka, nikamsikia nyuma yangu analia akiita Mama Mkubwa, Mama Mkubwa. Niligeuka, nikamkuta amekumbatia mguu wa kiti cha fundi viatu. Siku hiyo kicheko kiliisha.

Lakini kibaya zaidi ni kwamba Kifungua akiwepo, lazima Kitinda awe hayupo. Mama hunieleza habari zangu mwenyewe. Husema Kitinda ameolewa na fundi umeme na kichwa kimemvimba, haleti hata salamu. Husema alimlea kwa kumbembeleza, naye ndiye wa kwanza kumtupa. Hayo huyasema nikiwa namwogesha. Walimu wenzangu wamenisengenya sana, lakini hakuna aliyewahi kunisengenya huku namsugua mgongo. Siku moja nilijitetea, nikasema labda Kitinda ana kazi nyingi. Mama akanionya nisidanganyike, mtoto yule ulimi wake laini tangu utotoni. Nikaendelea kummwagia maji. Inauma, dada. Nilidhani nitazoea, na sijazoea.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Linalonifanya niandike ni lililotokea Jumanne, siku moja kabla barua yako haijafika.

Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa kila Desemba akiyashusha mapazia yote ya nyumba na kuyapiga upindo upya? Desturi hiyo haijamtoka. Sindano ya mkono vidole vyake bado vinaijua, kwa hiyo tunamwachia. Tatizo ni kwamba kila anachokishona leo hukifumua kesho. Mapazia ya sebule yameshapigwa upindo mara sita, na dirisha lipo wazi, wapita njia wanatuona tunavyoishi. Jumanne saa tisa alasiri tulikuwa tumekaa mkekani, mimi namtungia uzi, yeye anashona. Redio ya jirani ilikuwa inaimba nyimbo za Krismasi. Mama akaacha kushona. Akaichomeka sindano kifuani kwenye nguo yake, akanishika kifundo cha mkono, na alipoinua macho yalikuwa macho yake ya zamani, yale ya kumpima mtu nguo kwa kumtazama tu.

Akasema kuna jambo limemkaba kooni na hataki kwenda nalo. Akamtaja mwanao, dada. Akamtaja kwa jina lake lote. Akasema yale maneno ni kweli aliyasema, aliyasema mbele ya shangazi akiwa kwenye cherehani, na alipoyasikia yakitoka alitaka kuyarudisha, lakini shangazi alikuwa ameshafika barabarani. Kisha akasema kwamba siku ya mazishi alikuja.

Alikuja, dada. Alitoka nyumbani amevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, akasimama upande wa pili wa barabara, kwenye karakana ya seremala inayotazamana na makaburi. Seremala akampa kigoda, akakataa kukaa. Akasema alikuona ukichota udongo, na wenzako walipotupa wao, wewe uliufumba kwenye kiganja na kuondoka nao. Hilo la udongo hakuna aliyelijua ila wewe, shemeji, na mimi niliyekuosha mkono jioni ile. Sikuwahi kumwambia mtu. Akasema alitaka kuvuka barabara, akaogopa utamfukuza mbele za watu, na kila mwaka uliofuata barabara ile ilizidi kuwa pana. Halafu akajikokota mkekani akapiga magoti, mama, mbele yangu, na mapazia yamemzunguka miguuni. Akasema Kifungua, naomba radhi kwa mwanao. Akauliza kama unaweza kumsamehe.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilipaswa kumwinua nikamwambia ngoja mama, mwenyewe hayupo, mimi si yeye. Nilipaswa angalau kunyamaza. Nikamwambia nimekusamehe mama, yamekwisha. Sikusema dada atakusamehe. Nilisema nimekusamehe, kwa kinywa changu, kwa ajili ya mtoto ambaye sikumzaa wala sikumzika.

Mama akashusha pumzi ndefu. Akanifuta machozi kwa ncha ya pazia, akaomba chai, akanywa, akalala mpaka magharibi. Kesho yake ndiyo nikaletewa barua yako.

Usidhani nilikunja mikono. Alhamisi nilifunga fundo mbele, nikamtungia uzi, nikalitaja jina la mwanao nikitumaini atarudia, nijue kwamba ukija litakuwepo bado. Alikasirika. Akauliza si tulishamaliza, au nilimsamehe kwa upande mmoja wa mdomo? Nikaomba samahani. Jana nikajaribu tena, taratibu zaidi. Akauliza mtoto yupi, maana Kifungua hajawahi kupata mtoto wa kiume. Nikamtajia jina. Akasema hilo ni jina la mume wake, na mume wake ameenda sokoni.

Limekwisha, dada. Amesahau jina langu, nyumba yake, hata kifo cha baba, lakini hilo moja alilishika kwa miezi yote hii mpaka apate wa kumpa. Akampa, akaachia. Na aliyepewa ni mimi.

Ningeweza kuishia hapo nikasema nilifanya kwa huruma, nawe ukanihurumia. Lakini nimeshakudanganya vya kutosha mwaka huu. Ni kweli niliogopa kwamba nikikana atarudi kuniona mwizi na kuacha kula. Ila si hilo tu. Mama alikuwa hajanishika kwa upendo tangu Machi. Mkono wake ulikuwa wa moto, alikuwa analia kwa ajili ya mwanawe, na nilitaka niwe mimi. Kuna na hili pia, nalo naliona aibu zaidi. Niliwaza kwamba wewe hukuja hata harusini kwangu, hujui harufu ya chumba chake asubuhi, hujawahi kurushiwa kijiko, na bado ndiye anayeulizwa kama amekula. Nikawaza huu ni ujira wangu. Yalikuwa mawazo ya kitambo kifupi tu, na katika kitambo hicho kinywa kilikuwa kimeshajibu.

Kwa hiyo sijui nikuambie njoo au usije. Ukija, nitakivua kitambaa hiki kabla hujashuka kwenye gari, na litakalokuwa na liwe. Lakini lazima ujue utakachokikuta. Utamwamkia naye atakuuliza wewe ni nani, kwa sababu Kifungua wake yupo tayari ndani ya nyumba. Huenda akavificha vitambaa vyake akikuona. Ukifunga fundo mbele huenda akakutambua, huenda akaona mwizi mwingine. Chai yake ataimaliza, umngoje mpaka jioni, umngoje mpaka mwaka mpya, na neno lile halitatoka. Nimeliandika hapo juu kama alivyolisema, sikuongeza wala sikupunguza, maana ndicho pekee kilichobaki nikupe. Najua sicho ulichokiomba. Uliomba kulisikia kutoka kwake.

Nami nakuomba radhi, dada yangu, kwa kuchukua kilichokuwa chako na kukijibu kama changu. Sitakuhimiza. Ukinisamehe, ukikataa, ukikaa miaka tisa mingine bila kunijibu, liwe ni jibu lako wewe. Mimi nilishajibu kwa niaba yako mara moja, na hiyo mara moja imekumalizia kila kitu.

Nisalimie sana shemeji, na mabinti wabusu kwenye vipaji vya nyuso. Mume wangu anakusalimu, hajui nimeandika haya. Binti yangu anakuamkia, anauliza wenzake wanalala na taa imewashwa au imezimwa, ili ajiandae. Sijamwambia kwamba huenda msije, wala sitamwambia mpaka nikusikie. Mama yeye hajatuma salamu, kwa sababu anaamini upo hapa.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Kitinda